Kopo la Kudakia Oili: Kabla ya Kulipa, Minya Mpira

Mwaka jana gari langu, Toyota Hilux yenye injini ya dizeli ya lita 3.0, lilikuwa linarudi Njombe kutoka Dar es Salaam likiwa na shehena ya mbolea, na katikati ya mlima Kitonga likaanza kutoa harufu ya oili inayoungua. Dereva alipofungua boneti alikuta stiki ya kupimia oili imechomoka kwenye mrija wake na oili imeruka hadi kwenye betri. Tulipolifikisha Iringa, fundi alilala chini ya gari akatuonyesha matone yakianguka pale injini inapokutana na gia boksi. Sili ya nyuma ya krenkishafti, yaani mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, ilikuwa imesukumwa na presha, ikabidi gia boksi ishushwe, na gharama ya kazi ile ilizidi mara nne bei ya kopo la kudakia oili ambalo nilikuwa nimelifunga miezi saba kabla ili kuilinda injini hiyo hiyo.

Kopo lenyewe halikuwa na tatizo. Fundi alipofungua klipu za mpira unaotoka kwenye kopo kwenda kwenye mdomo wa turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa kwenye injini, ulimjia mkononi ukiwa laini kama ini. Tuliukata kwa kisu katikati: ngozi ya ndani ilikuwa imevimba na kukunjamana kiasi kwamba kidole changu kidogo hakikupenya, na doa jeusi lililobaki kwenye vidole vyangu halikutoka kwa sabuni siku ile. Tangu hapo kila ninaposoma ushauri wa kununua kopo hili nauona unazungumzia kopo tu, na ndiyo sababu ya kuandika mwongozo huu.

Kwa asiyelijua kopo hili, kazi yake ni hii. Injini inapochoma mafuta, sehemu ya hewa yenye presha hupenya kwenye ringi za pistoni na kushuka kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, ikichanganyika na ukungu wa oili. Hewa hiyo hutoka kwa mpira wa kupumulia ulio kwenye tapeti kava, yaani mfuniko wa juu ya injini, na kurudishwa kwenye njia ya hewa ili iungue tena. Katika dizeli zenye EGR, mfumo unaorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, ukungu huo hukutana na masizi ya moshi unaorudishwa, na viwili hivyo hutengeneza lami nyeusi inayopunguza upana wa manifoldi, mirija inayogawa hewa kwa silinda, mwaka hadi mwaka. Katika petroli zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, uchafu huganda kwenye shina la valvu za kuingizia hewa, kwa kuwa hakuna petroli inayopita hapo kuziosha. Kopo hufungwa katikati ya njia hiyo, likanasa oili na kuiachia hewa iendelee.

Ukubwa wa kopo, uzuri wa kishikizo na mng'ao wa alumini ni mambo ambayo muuzaji yeyote atakueleza bila kuulizwa, kwa hiyo nayaacha. Ninalotaka ulishike ni kwamba njia ya kupumulia ikiziba, presha ya sampu hutafuta pa kutokea, na itatokea penye udhaifu: kwenye stiki, kwenye sili za krenkishafti, au kwenye mrija unaorudisha oili kutoka kwenye turbo. Kitu chepesi kuliko vyote kuiziba njia hiyo ni mpira.

Mipira mingi inayouzwa kwa mita madukani ni ya maji ya rejeta na hita, nayo hutengenezwa kwa aina ya mpira iitwayo EPDM. Mpira huo huvumilia maji ya moto kwa miaka, lakini hauwezi kuhimili oili: huinyonya, huvimba na kulegea. Unaofaa ni wa nitraili, ambao huandikwa NBR. Ukiugeuza mpira pole pole mkononi utaona maandishi yamepigwa kwenye ngozi yake ya nje. SAE J20 ni mpira wa mfumo wa maji, SAE J30 ni wa mafuta na oili. Usiokuwa na maandishi yoyote uache hapo hapo dukani. Jihadhari pia na ile mipira ya silikoni ya bluu au nyekundu inayopendwa na vijana, kwa sababu silikoni ya kawaida hupitisha oili hadi ikatoa jasho kwa nje. Inayofaa kwa kazi hii ni ile tu iliyowekewa ndani ngozi ya florosilikoni, na muuzaji asiyeweza kukuthibitishia hilo hajui anachokuuzia.

Upande wa mpira unaotoka kwenye kopo kwenda turbo ndio wa hatari zaidi, kwa kuwa turbo huufyonza. Ukiwa umelegea, na kichujio cha hewa kimejaa vumbi la barabara zetu, mfyonzo huongezeka na mpira hujikunja ukalala bapa. Gari likitembea tambarare huenda usijue, lakini likikwea na mzigo, injini inatoa hewa nyingi kupita ringi huku turbo ikivuta kwa nguvu zake zote, mlango wa kutokea umefungwa. Kitonga ilinifundisha hivyo.

Baada ya kulirekebisha gari nilifanya jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya nyumbani. Nilikata vipande viwili vya urefu sawa, kimoja cha mpira wa rejeta na kingine cha nitraili, nikavizamisha ndani ya chupa ya jamu yenye oili ya injini na kuianika juani mchana kwa wiki mbili. Kile cha rejeta kilinenepa na kurefuka hadi tofauti ikaonekana kwa macho bila rula. Kile cha nitraili kilitoka kama kilivyoingia.

Sasa nianze na chaguo langu la kwanza, na sifichi upendeleo wangu: ProVent 200 ya kampuni ya Kijerumani Mann+Hummel. Ndani yake kuna kichujio cha nyuzi kinachobadilishwa, chenye namba LC 5001, na kwenye mwili wake kuna valvu ya usalama inayofunguka na kutoa presha nje kichujio kikiziba. Kama kopo langu la kwanza lingekuwa na valvu hiyo, sili ya krenkishafti ingebaki mahali pake hata kwa mpira ule mbovu. Midomo yake ina kipenyo cha milimita 25, kwa hiyo gari lenye mpira mwembamba litahitaji vipunguzio. Usimruhusu fundi akaze klipu kwa nguvu juu ya mpira mpana ili kuziba nafasi. Chini yake kuna tundu la kumwagia, ambalo mimi nimelifungia mpira mrefu wenye koki mwishoni.

La pili ni la Ryco ya Australia, ambalo pia lina kichujio cha kubadilisha na limetengenezwa kwa kuzifikiria dizeli za kazi. Nimelishusha daraja kwa sababu vichujio vyake vimenisumbua kuvipata, na kopo lililokosa kichujio ni kizuizi tu. La tatu ni Mishimoto ya Marekani, la alumini, lenye vizuizi vya ndani na kichujio cha shaba nyeusi cha mikroni 50 kinachooshwa na kurudishwa. Kwa gari dogo la petroli nitalipendekeza bila wasiwasi, ila kwa dizeli inayobeba mzigo silifungi.

Makopo ya bei rahisi yasiyo na jina mengi ni matupu ndani, ama yamejazwa nyuzi za chuma kama za kusugulia sufuria, ambazo uzi mmoja wake ukikatika utafyonzwa kuelekea kwenye mapanga ya turbo. Sina zaidi ya kusema juu yake.

Nina la kusema juu ya wanaotuuzia. Niliporudi Dar es Salaam kutafuta ProVent nilizunguka eneo la Gerezani, penye maduka ya vipuri, asubuhi nzima, na maduka matatu yaliyo mtaa mmoja yalinitajia bei tatu, ya juu ikikaribia mara mbili ya ile ya chini, kwa boksi lenye maandishi yale yale. Katika duka moja boksi lilikuwa limeshafunguliwa: kopo lilikuwamo, lakini mipira na klipu zilizochorwa kwenye karatasi ya maelekezo hazikuwamo, na badala yake kulikuwa na mpira mweusi usio na maandishi hata herufi moja. Nilipomwuliza muuzaji, alinijibu, "Dada yangu, mpira ni mpira tu, huu nao wa kazi." Nilitoka bila kununua. Mtu anayetoa mpira sahihi ndani ya boksi ili auuze peke yake anamuuzia mteja ubovu wa injini kwa bei ya kifaa cha kuilinda, na anayeumia ni yule aliyeweka akiba miezi kadhaa akiamini anafanya jambo jema kwa gari linalomlisha. Zipo pia nakala zinazofanana na ProVent kwa umbo, ambazo valvu yake ni pambo lisilofunguka. Fungua mfuniko ukiwa bado dukani, toa kichujio, soma jina na namba, na dai risiti inayotaja namba hiyo.

Wakati wa kufunga, simama karibu na fundi. Mpira ushuke kutoka kwenye tapeti kava kwenda kwenye kopo bila kufanya tumbo, kwa kuwa penye tumbo oili na maji hutuama.

Mimi humwaga kopo kila kilomita 5,000, siku ya kubadilisha oili. Kipindi cha baridi ya Njombe kinachotoka huwa na rangi ya chai ya maziwa, nayo ni unyevu uliochanganyika na oili. Kama maji ya rejeta hayapungui, hakuna cha kuogopa, ila usikirudishe kwenye injini. Kichujio nakibadilisha kila kilomita 30,000. Na koki ikiwa bado inadondosha, naushika ule mpira wa kwenda turbo injini ikiwa ya moto, naubana kwa vidole viwili na kuuachia. Ukichelewa kurudi kwenye umbo lake, gari halipakiwi mzigo siku hiyo.