Lacock Abbey: kama unapenda picha, nenda ukalione dirisha hili

Nyota tano bila kusita. Kazi yangu ni kupiga picha za harusi, na Lacock, kijiji cha Wiltshire huko Uingereza, nilikuwa na hamu nacho kwa miaka. Ndiko liliko jumba la Lacock Abbey, alikoishi William Henry Fox Talbot, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha. Kutoka London nilipanda treni mpaka Chippenham, kisha basi.

Anza na makumbusho yaliyo karibu na lango, ndani ya ghala la zamani. Hapo ndipo utaelewa kazi yenyewe: karatasi ya kuandikia inalowekwa maji ya chumvi, inapakwa nitrati ya fedha, inatiwa kwenye kikamera cha mbao. Vikasha hivyo Constance, mke wa Talbot, aliviita mitego ya panya. Palipopigwa na mwanga panageuka peusi, penye kivuli panabaki peupe, ndiyo negativu.

Ukishaelewa, ingia ndani ya jumba ukatafute dirisha la katikati kwenye ukumbi wa kusini. Mwezi Agosti 1835 Talbot alilipiga picha, na negativu yake, ndogo kama stempu, ndiyo kongwe kuliko zote zilizobaki duniani. Pembeni yake aliandika kwamba ilipokuwa mpya, vioo vipatavyo 200 viliweza kuhesabika kwa lenzi. Nilisimama pale nikavitazama kimoja kimoja, vipande vidogo vilivyoshikwa na madini ya risasi, mwanga ukipenya kwa nyuma. Nilisisimka mwili.

Pale pia ndipo nilipoelewa kwa nini picha za mwanzo zimejaa majumba, miti na bustani. Karatasi zile zilichukua muda mrefu kushika mwanga. Mtu angechoka kusimama, ukuta hauchoki. Mpaka mwaka 1840 Talbot alipogundua kuwa picha isiyoonekana bado kwenye karatasi inaweza kusafishwa kwa dawa ikajitokeza, ndipo muda ukapungua sana na watu wakaweza kukaa mbele ya kamera. Mimi ninayeishi kwa kupiga nyuso za watu, naona mkate wangu ulianzia hapo.

Ujue tu kwamba negativu halisi haiko Lacock, imehifadhiwa katika mji wa Bradford. Na vyumba vya jumba vina saa zake, kwa hiyo hakikisha viko wazi kabla hujakata tiketi. Chagua siku ya jua.