Ukinunua filamu za magenge, geuza kava usome dakika

Niliwahi kunasa diski ya Once Upon a Time in America kwa bei ya kutupa. Nikaitazama hadi mwisho bila kuelewa nani kamsaliti nani. Kumbe nyuma ya kava pameandikwa dakika 139: ndiyo nakala iliyokatwakatwa kwa ajili ya kumbi za Marekani mwaka 1984, visa vikapangwa upya vifuatane kwa miaka. Ya Ulaya ina dakika 229, na ndani yake mzee anarudi New York baada ya miaka 35, kumbukumbu zikimpeleka mbele na nyuma apendavyo mwongozaji, Sergio Leone. Nunua hiyo, au iache kabisa. Ukikuta 220 usishtuke, ni filamu ileile: DVD za mfumo wa televisheni uitwao PAL hukimbiza picha kwa asilimia 4 hivi.

Hiyo naiweka ya tatu. Mwenye hela ya filamu moja tu achukue Goodfellas (1990) ya Martin Scorsese. Wengi watanuna, lakini ndiyo utakayoirudia. Kamera yake haikai. Ray Liotta anamwingiza mchumba wake klabu ya Copacabana kwa mlango wa pembeni: wanashuka ngazi, wanapita korido, wanakatiza jikoni kwenye mvuke na wapishi, bakshishi zinagawiwa njiani, mpaka meza inabebwa na kutandikwa mbele kabisa ya jukwaa. Yote kwa mkupuo mmoja, bila kukata. Hakuna aliyekuhubiria chochote, lakini umeshajua kwa nini kijana yule hataki kazi ya mshahara. Baadaye, gerezani, bosi anakata kitunguu saumu kwa wembe, vipande vyembamba hadi viyeyuke kwenye mafuta. Halafu Joe Pesci anacheka, na wewe hujui ucheke au ukimbie.

The Godfather (1972) ni ya pili kwangu, na ni kinyume chake: polepole, ya heshima, watu wananong'ona. Mpiga picha Gordon Willis alimmulika Marlon Brando kwa taa kutoka juu, macho yakazama gizani, huoni anachowaza. Kwa sababu ya giza hilo, tafuta nakala iliyokarabatiwa, ya 2008 au ya 4K (diski za picha kali zaidi) ya 2022. Nakala mbovu inageuka masizi matupu. Inunue pamoja na sehemu ya pili (1974). Ya tatu ikija ndani ya boksi, haya, ije.

Scarface ya 1983 ni kelele: jua la Miami, mashati ya rangi, kinanda cha Giorgio Moroder, na Al Pacino akifoka kwa muda wa karibu saa tatu. Kwa usiku wa marafiki inafaa. Angalia mwaka, maana iko nyingine ya 1932, nyeusi na nyeupe.

Na kama muda ni mdogo, The Public Enemy (1931) ina dakika 83 tu. James Cagney anatembea kama mcheza dansi aliyekasirika.

Kuhusu shangazi aliyeko Marekani anayekuahidi kukuletea: DVD za kule ni za kanda ya 1, yaani zimefungwa zichezwe eneo lao la dunia tu, na deki nyingi za kwetu ni kanda ya 5, zitakataa. Mwambie alete za 4K, zile hazina kanda, ila uwe na deki yake.