Nyumba ya kupanga kwenye mikoko: uliza maji kwanza

Tangazo la nyumba hii linasema "maji mlangoni". Ni kweli, ila si saa zote. Iko kando ya hori la bahari, na maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, saa sita na ushei kutoka kujaa hadi kupwa. Yakishatoka, gati linabaki juu ya tope na kayaki zinalala hapo hapo. Tangazo lingelisema hivyo ningetoa nyota tano. Natoa nne.

Kwa hiyo kabla hujalipia, tafuta jedwali la maji la tarehe zako. Kila siku maji hujaa kwa kuchelewa takriban dakika 50: yakijaa alfajiri siku ya kufika, wiki ikiisha yatakuwa yanajaa adhuhuri. Karibu na mwezi mpevu au mwezi mwandamo ni bamvua, maji hujaa kupita siku nyingine, ndipo unapiga kafi hadi ndani kabisa ya vichochoro vya mikoko, matawi yakikugusa kichwa. Ukija kwa ajili ya kayaki, chagua siku hizo.

Ukija kwa ajili ya kutazama wanyama, lakini, maji kupwa ndiyo starehe yenyewe. Tope lote linaanza kutembea. Kaa dume wana gando moja kubwa kuliko hata mwili unavyostahili, wanalipunga kuita majike. Ukikohoa tu, wote mashimoni. Kuna visamaki vinavyojikokota juu ya tope kwa mapezi, vinaruka, vinagombana. Yangeyange wanakuja kula, na mdiria mmoja alikuwa na kigingi chake cha gati ambacho hakuna ndege mwingine aliyethubutu kukikalia.

Mchu, aina ya mkoko, uko hatua chache tu kutoka barazani, umezungukwa na mizizi iliyochomoza topeni kama vidole, ya kuvutia hewa. Angalia majani yake kabla jua halijawa kali: yana chembe za chumvi ambayo mti umeitoa mwilini. Nililamba moja. Chumvi tupu.

Bustani ni ndogo lakini mwenyewe anaijua kazi. Mlangilangi uko upande wa chumba cha juu, na usiku harufu yake inaingia hadi kwenye shuka. Chukua chumba hicho. Cha chini kina unyevu. Kuna pia kenge anayekatiza chini ya baraza bila kumwomba mtu ruhusa. Watoto walipanda juu ya viti, yeye akaendelea na safari yake. Usimkimbize wala usimlishe.

Mashua ya injini inakodishwa pamoja na nahodha wake, na huyu mzee ni sababu tosha ya kurudi. Akikaribia mikoko anapunguza mwendo, kwa sababu mawimbi ya mashua hula kingo na kelele hufukuza ndege viotani. Penye maji haba aliinua injini rafadha isikwame, akashika upondo, tukapita kimya.

Kasoro moja ya kurekebishwa leo kabla ya kesho: jaketi za kuokolea zote ni za watu wazima. Mwenye watoto aje na zake. Aje pia na viatu vya kukanyagia tope vyenye kamba, maana kandambili zitabaki humo, na darubini, kwa sababu iliyopo pale nyumbani ina kioo kimoja kilichoota ukungu.