Kioo cha injini kwenye boti ya mizigo, baada ya miezi sita

Tajiri wetu alinunua kioo hiki, skrini ya kuonyesha joto na presha ya oili ya injini, kwa shilingi 780,000. Muuzaji alipokuwa anakifunga pale Mwaloni Kirumba, alimwambia mbele yangu: "Mzee, sasa huhitaji mtu chini. Hata ndege za jeshi za mizigo zimeshawaondoa mainjinia." Huyo mtu wa chini, fundi wa injini, ni mimi. Nimekaa na injini hii miaka kumi na moja, Mwanza hadi Nansio na kurudi.

Kwanza nikipe haki yake. Namba zinasomeka vizuri hata usiku, na mlio wake nahodha anausikia akiwa juu. Mwezi wa pili kilinionyesha presha ya oili ikishuka kidogo kidogo. Nikafuata bomba kwa tochi, nikakuta nati imelegea. Kwenye geji ya zamani, ambayo sindano yake hutetemeka muda wote, nisingeona.

Mwezi wa nne tulikuwa tumebeba saruji na unga, magugu maji yametanda njia nzima. Mimi nilisikia harufu ya rangi inayoungua. Nikatazama kioo: joto 62, kijani kabisa. Nikapanda mbio kuchungulia ubavuni, bomba la kutolea maji ni kavu. Nikapiga kelele injini izimwe. Magugu yalikuwa yameziba tundu la kuvuta maji. Injini yetu inapozwa na maji ya ziwa moja kwa moja, na sensa ya joto imefungwa ndani ya njia ya maji. Maji yalipoisha, sensa ikabaki inapima hewa, huku chuma pembeni yake hakishikiki.

Aliyosema yule muuzaji kuhusu ndege ni kweli, ila hakuyamaliza. Kwenye C-130H, ndege ya jeshi ya mizigo, injinia hukaa nyuma ya marubani wawili, injini zote nne, mafuta na umeme vikiwa chini ya macho yake. Toleo jipya lake, C-130J, lililoruka mara ya kwanza 1996, halina kiti hicho. Ina marubani wawili na msimamizi wa mizigo. Lakini hawakubandika kioo juu ya injini kuukuu. Ilipewa injini mpya zinazoongozwa na kompyuta, na pangaboi zenye mapanga sita badala ya manne. C-17, ndege nyingine ya jeshi ya mizigo, nayo iliundwa bila injinia tangu mwanzo. Halafu kuna C-5M: ndege ya zamani ya jeshi ya mizigo iliyofungwa injini mpya na vioo vya kisasa, na bado mainjinia wanapanda nayo. Nimekulia Ilemela, baba akipakia minofu ya sangara kwenye ndege za mizigo za Kirusi, Il-76. Nazo zilikuja na injinia wao, na nikiwa mtoto nilikuwa namwangalia akizunguka chini ya bawa na tochi kabla hawajaondoka.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa majini, kama injini yako ni mpya na ina kompyuta yake, kinunue na ukiamini kuliko mimi ninavyokiamini changu. Kama ni dizeli ya zamani kama yetu, kinunue pia, bei inalipa, ila usimshushe fundi wako.

Tajiri amekubali nibaki. Jumamosi tunafunga swichi kwenye bomba la maji ya kutoka, ili mlio upigwe maji yanapokatika, kabla chuma hakijapata moto.