Mawimbi ya mwambani Unguja: Paje, Jambiani au Matemwe?

Anayetafuta mawimbi ya kupanda kwa ubao katika kisiwa cha Unguja hana budi kwanza aziweke kando picha za Maldivi na Indonesia, kwa kuwa mawimbi mengi yanayozaliwa kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi huzuiwa na Madagaska, na yanayotufikia huwa yamekwisha kupungua nguvu. Hata hivyo yanamtosha mtu wa kiwango cha kati, mradi achague vizuri. Na kwa maoni yangu, kuchagua vizuri hapa ni kuangalia mwezi kwanza, kijiji baadaye.

Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na maji hujaa kabisa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, ilhali saa nne asubuhi huwa yamekupwa. Mgeni anayetoka hotelini na ubao wake baada ya kifungua kinywa huikuta bahari imekimbilia mwambani, na kina mama wameinama kwenye mashamba ya mwani, maji yakiwa hayawafiki magotini. Maji mafu, yaani mwezi unapokuwa nusu, huja na mpangilio mwingine kabisa. Maji hujaa asubuhi, hayapandi sana wala hayashuki sana, kwa hiyo mwamba hubaki umefunikwa kwa muda mrefu, tena katika saa ambazo upepo wa kusi bado haujashika kasi. Mimi huenda wakati huo.

Paje ndiyo inayotajwa sana, na kwa mchezo wa kaiti, yaani kuteleza majini kwa ubao unaovutwa na tiara, inastahili sifa zake zote: mchanga ni mpana, maji ya ndani ya mwamba ni tambarare, na vifaa vya kukodi vimejaa ufukwe mzima. Lakini upepo uleule unaowafurahisha wenye kaiti, kusi kuanzia Juni hadi Septemba na kaskazi kuanzia Disemba hadi Februari, hutoka baharini na kulivuruga wimbi kabla halijavunjika vizuri. Asiye na kaiti huwa kama mtu aliyefika harusini bila kualikwa. Hafukuzwi, ila hana pa kukaa.

Jambiani, kusini kidogo ya hapo, ndiko ninakopendekeza. Mwamba uko mbali, zaidi ya kilomita moja kutoka ufukweni, na kupiga makasia kwa mikono juu ya ubao hadi kule ni kujichosha kabla ya kazi yenyewe, kwa hiyo chombo ni lazima. Niliridhishwa na huduma ya wavuvi wanaotumia ngalawa yao ya kila siku. Nahodha alisimama nyuma akichomeka pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, ndani ya maji na kulitazama lilivyolowana, kisha akatuelekeza kwenye mlango wa mwamba, mahali ambapo maji ni ya buluu nzito na wimbi halivunjiki. Alitia nanga ubavuni mwa mlango, akatuonyesha upande wa kurudia endapo mkondo ungetuchukua, na hakuondoka. Wimbi lenyewe lilikuwa la kimo cha kifua, likivunjika kwa mpangilio kuelekea mlangoni, jambo linalomwezesha mtu kumaliza safari yake kwenye maji yenye kina badala ya juu ya matumbawe. Viatu vya plastiki hata hivyo visiachwe, kwa kuwa chini kuna wanyama wenye miiba mirefu myeusi, na mkato wa tumbawe huchelewa kupona.

Katika kijiji kingine cha pwani hiyohiyo mambo yalikuwa tofauti. Mwenye boti alitusubirisha ufukweni ili apate abiria wa kutosha, maji yakaanza kutoka, na tulipofika mwambani mawe yalikuwa yameshachomoza. Kurudi ilitubidi tushuke na kusukuma chombo. Nauli ilidaiwa yote.

Matemwe sioni sababu ya kuipendekeza kwa mawimbi. Boti nyingi za huko huenda Mnemba, eneo la hifadhi lenye kiingilio chake, na zimepangwa kwa ajili ya wazamiaji. Nungwi na Kendwa ni pa kuogelea, kwa sababu bahari haiendi mbali inapokupwa, lakini ubao ubaki nyumbani.

Msimu ninaoupenda ni maleleji, kati ya kaskazi na kusi, upepo unapolegea, ingawa mwezi wa Aprili na Mei mvua ya masika inaweza kumfungia mtu ndani. Kuhusu malipo, hadi mwaka 2025 ilizoeleka bei kutajwa kwa dola. Ni vyema kuomba itajwe kwa shilingi, kuhakikisha inajumuisha kusubiriwa mwambani na si kupelekwa tu, na kuviona vizibao vya kujiokolea kwa macho kabla ya kupanda.