Runinga Inakatakata Waifai: Ununue Nini Kwanza?

Ingia duka lolote la vifaa vya umeme, iwe Kariakoo au Luthuli, umwambie muuzaji runinga yako haishiki waifai vizuri. Mara nyingi atakushikisha kirudishi cha mawimbi, kile kidude cheupe cha kuchomeka ukutani chenye antena mbili. Mimi nimekiweka mkiani mwa orodha hii.

Kabla hujatoa hata shilingi, simama na simu pale pale runinga ilipo upime kasi. Video ya HD kamili inataka kama megabiti 5 kwa sekunde, ya 4K kama 15. Simu ikizipata huku runinga ikizungusha kale kaduara, mgonjwa ni runinga. Chomoa waya wake wa umeme ukutani, usubiri dakika moja. Rimoti huilaza tu, haiizimi. Tazama na tarehe: baada ya umeme kukatika, runinga nyingine hurudi miaka ya nyuma, na programu hugoma kuunganika kwa sababu vyeti vya usalama havilingani na tarehe hiyo. Kisha futa jina la mtandao, uingize nywila upya. Na kama jina la mtandao wako wa gigahezi 5 halionekani kabisa, usihangaike: runinga nyingi za bei nafuu zinasikia gigahezi 2.4 tu.

Simu nayo ikiwa hoi mahali hapo, hapo ndipo tuongee pesa.

Namba moja ni waya. Ndiyo, waya wa LAN, unaounganisha ruta na runinga moja kwa moja, wa aina ya Cat5e au Cat6. Runinga janja nyingi zina tundu lake nyuma, na watu hukaa nazo miaka bila kulitumia. Tundu hilo kwa kawaida huishia megabiti 100, zinazotosha 4K na chenji ikabaki, na waya wenyewe unafika mita 100 bila shida. Kuta zetu za matofali ya saruji na nondo ndizo zinazomeza waifai, waya hauzijali. Dai shaba tupu, maana kuna alumini iliyopakwa shaba inayouzwa kwa jina lilelile na hukatika upesi ikikunjwa. Kwetu waya umepita juu ya mlango. Mama aliuita kamba ya kuanikia nguo, lakini tamthilia yake haijakwama tangu siku hiyo.

Namba mbili, kama runinga ndiyo iliyozeeka na programu zake hazisasishwi tena: kijiti au kisanduku cha kuchomeka kwenye HDMI, mfano Fire TV Stick au Google TV Streamer, iliyochukua nafasi ya Chromecast mwaka 2024. Kipe umeme wa chaja yake, usitegemee USB ya runinga. Kijiti kikibanwa nyuma ya runinga hupata mawimbi dhaifu, basi kitoe pembeni kwa kipande cha waya wa HDMI. Visanduku vya Android visivyo na jina vikwepe hata vikiwa rahisi namna gani: mwaka 2025 FBI ya Marekani ilitahadharisha kwamba vingine vinauzwa vikiwa tayari na programu hasidi ndani.

Namba tatu ni mesh, yaani ruta mbili au tatu zinazofanya kazi kama moja. Inafaa nyumba ya ghorofa. Bei yake inauma.

Namba nne, adapta zinazopitisha intaneti kwenye nyaya za umeme za nyumba. Ni bahati nasibu, hasa kama nyaya ni kuukuu au nyumba ina fezi tatu. Zichomeke ukutani moja kwa moja. Ukizipitisha kwenye ekstensheni au kile kifaa cha kulinda friji, kasi inashuka vibaya.

Namba tano, kirudishi. Hurudia tu kile kinachokisikia, na cha bendi moja (gigahezi 2.4 pekee) hupoteza takriban nusu ya kasi kwa sababu kinasikiliza na kusema kwa zamu. Ukilazimika, chukua cha bendi mbili (2.4 na 5) chenye tundu la LAN, ukichomeke katikati ya ruta na runinga. Wengi hukiweka jirani kabisa na runinga, kulekule ambako simu ilishindwa.