FancyZones: Kupanga Madirisha ya Kompyuta Bila Kuondoa Mikono kwenye Kibodi

Kazi yangu ni kuhariri tafsiri, na kwa siku ya kawaida huwa nimefungua matini ya Kiingereza, rasimu ya Kiswahili, kamusi, orodha ya istilahi za mteja na barua pepe, vyote kwa wakati mmoja. Kwa miaka mingi nilivipanga kwa kipanya: nashika ukingo wa dirisha, naburuta, naachia, narekebisha, kisha narudisha mkono kwenye kibodi na kukuta neno lililokuwa linanijia limekwisha kupotea. Maneno hayo yaliyopotea ndiyo yaliyonifanya nianze kutumia FancyZones, zana inayoigawa skrini katika maeneo ya kuwekea madirisha, na baada ya kuishi nayo kwa zaidi ya mwaka mmoja naamini ninaweza kuisifu na kuilaumu kwa haki.

FancyZones ni mojawapo ya zana zilizomo katika PowerToys, mkusanyiko ambao Microsoft huutoa bure na ambao msimbo wake uko wazi kwenye GitHub, tovuti ambako watengenezaji wa programu huweka misimbo yao. Jina la PowerToys lilikuwapo tangu enzi za Windows 95, lakini mradi wa sasa ulianza mwaka 2019, na FancyZones ilikuwa miongoni mwa zana zake za mwanzo kabisa.

Kabla ya kumshauri mtu aipakue, ni wajibu kusema kwamba Windows yenyewe tayari inafanya mengi ambayo watu hawayatumii. Tangu Windows 7 ya mwaka 2009, ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na mshale wa kushoto au wa kulia, dirisha ulilo nalo hujibana kwenye nusu ya skrini. Windows 10 ikaongeza robo za pembeni, na Windows 11 ikaleta vielelezo vya mipangilio vinavyofunguka kwa Windows na herufi Z. Aidha, ukiwa na monita mbili, Windows pamoja na Shift na mshale huhamisha dirisha zima kutoka monita moja hadi nyingine, jambo ambalo nimewaonyesha watu waliotumia kompyuta kwa miaka kumi bila kulijua. Kwa mwenye laptopu ya inchi 14 na madirisha mawili tu ya kulinganisha, njia hizo zinatosha, na sioni sababu ya kumwongezea programu nyingine.

Mambo hubadilika skrini inapokuwa kubwa. Monita yangu ni ya inchi 27, na nusu ya skrini hiyo ni pana mno kwa kamusi. Hapo ndipo FancyZones inapoonyesha thamani yake, kwa sababu haikulazimishi kufuata nusu na robo za mtu mwingine. Unabonyeza Windows, Shift na kile kitufe kilicho juu ya Tab, kihariri cha mipangilio kinafunguka, kisha unaikata skrini upendavyo: kila unapobofya, mstari hukata eneo mara mbili, na ukishikilia Shift mstari hubadilisha mwelekeo, uwe wa kusimama au wa kulala. Mimi nimeikata skrini yangu katika safu tatu. Kushoto pana matini ya Kiingereza, katikati, ambako ni kupana kuliko kwingine kote, pana rasimu, na safu nyembamba ya kulia nimeigawa mara mbili, juu kamusi na istilahi, chini barua pepe. Kuichora kulinichukua dakika chache, na sijairekebisha tangu wakati huo isipokuwa kupunguza nafasi tupu inayoachwa kati ya eneo na eneo, ambayo kwa kuanzia ni kubwa kupita kiasi.

Watu wengi huishia kutumia FancyZones kwa kuburuta dirisha huku wameshikilia Shift, na hivyo hubaki wamefungwa kwenye kipanya kama zamani. Faida yenyewe huanza unapoingia kwenye mipangilio na kuiruhusu ichukue nafasi ya mishale ya Windows, kisha ukachagua madirisha yahame kwa kufuata mahali yalipo, si kwa namba za maeneo. Ukifanya hivyo, Windows na mshale wa kulia hupeleka dirisha kwenye eneo lililo kulia kwake, wa chini hulipeleka chini, na macho yako yanajua litakakotua kabla halijafika. Ukiongeza Ctrl na Alt kwenye mishale hiyo, dirisha hutanuka na kumeza eneo la jirani, na hivyo ndivyo ninavyolipanua jedwali pana ninapolihakiki.

Kipengele ninachokipenda kuliko vyote ni kidogo sana. Katika eneo lile la kulia juu nimerundika kamusi na istilahi, moja juu ya nyingine, na Windows pamoja na Page Down hunigeuzia kutoka hii kwenda ile bila kugusa madirisha mengine. Nikikutana na neno la kisheria, mbonyezo mmoja unaniletea istilahi, mwingine unanirudishia kamusi, na sentensi bado iko kichwani. Ninapotoka kwenye tafsiri na kuingia kwenye hesabu za ankara, Windows, Ctrl, Alt na namba 2 hubadilisha mpangilio mzima.

Kasoro zipo. Ukiikabidhi FancyZones mishale, unapoteza ule msaada wa Windows wa kukupendekezea dirisha la kujaza upande uliobaki, na wiki ya kwanza niliukosa sana. Zipo pia programu zinazokataa kupungua chini ya upana fulani. Programu moja ya ujumbe niliyoiweka katika safu nyembamba ilifunika ukingo wa rasimu kila mara, hadi nikaihamishia kwenye skrini ya laptopu. Madirisha ya programu zinazoendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi hayatii amri mpaka PowerToys nayo iendeshwe kwa mamlaka hayo hayo, na anayetumia kompyuta ya ofisi iliyofungwa huenda asiruhusiwe. Mkusanyiko wote ni wa mamia ya megabaiti, na anayenunua bando atayahisi. Inanisikitisha pia kwamba maelezo yake hayapo kwa Kiswahili, ilhali Windows yenyewe imekuwa na Kiswahili kwa muda mrefu.

Mwezi uliopita umeme ulikatika nikiwa katikati ya mkataba wa kurasa 40. Monita ikazimika, laptopu ikabaki na betri, na madirisha yote matano yakarundikana kwenye skrini ile ndogo. Umeme uliporudi, maeneo yangu yalikuwa bado yamekumbukwa kwenye monita, nami nikarudisha kila dirisha mahali pake kwa mishale, nikaendelea na kifungu cha 17 nilipokuwa nimeishia.